Msumari wa Clem

Katika chama cha waendesha baiskeli cha Otley, mtu akiacha kuendesha, kiti cha ngozi cha baiskeli yake hutundikwa kwenye ukuta wa chumba cha chai. Clem Sugden alipopofuka, wenzake walimpigilia msumari wake ukutani, kisha wakakisubiri kiti kwa adabu. Hilda, mkewe, aliuchukia msumari ule kwa moyo wote.

Clem hakukitoa kiti. Kila Jumamosi alikipakata, akakipaka nta kidogo upande wa chini, akakifuta, akavipapasa vile vishimo viwili ambavyo makalio yake yalivichimba kwa miaka mingi. Ngozi iling'aa kama sufuria ya shaba. Hilda alimpenda kwa mengi, lakini mikono ile aliihusudu.

Baadaye Hilda akanunua kiti chake mwenyewe, kipya, kigumu kama ubao. Mvumilivu hula mbivu, ila Hilda majuma yale alizila akiwa amesimama.

"Harold wa chamani anasema nikiloweke kwenye mafuta. Kitalainika mara moja."

"Umekiona cha Harold? Kimebonyea, akikaa utadhani anaoga kwenye beseni. Paka nta, panda, vumilia. Ngozi haiharakishwi."

"Wewe unasema tu, huumwi."

"Niliumwa kabla hujanijua, mama."

Siku moja, baada ya kupanda mlima wa Chevin, maumivu yalimzidi Hilda. Akaishika chupa ya mafuta, akaifungua kabisa. Kisha akakumbuka mikono ya Clem, akaifunga chupa. Kesho yake alipanda tena. Kiti kikilowa mvua, hakukisogeza karibu na moto. Alikiacha kikauke taratibu.

Majira ya kuchipua yalipofika, alimpa Clem kiti akipapase. Vidole vilitembea polepole.

"Vishimo hivi hapa. Cha kushoto kimezidi. Kumbe unaegemea upande, bibi wewe."

"Kitanifikisha Bolton Abbey na kunirudisha?"

"Bila wasiwasi. Kwani unakwenda na nani?"

Hilda alimshika mkono hadi bandani, akauweka juu ya baiskeli ndefu ya watu wawili aliyoiazima. Clem aliipapasa kuanzia usukani. Mbele hakukuwa na kiti, na nyuma vilevile, bomba tupu tu.

"Mimi mbele," Hilda alisema. "Nisingethubutu kukubeba kabla sijaweza kukaa safari nzima."

Machozi yalimtoka Clem waziwazi.

"Nipe spana," alisema. "Na kiti changu."

Jumapili walirudi Otley wamechafuka matope. Katika chumba cha chai, Hilda alitundika koti lake la mvua kwenye msumari wa Clem, akaagiza chai ya wawili.