Haidari Alivyozama Sebuleni

Haidari Sleiman aliendesha basi Birmingham miaka ishirini na miwili bila kugonga hata pipa la taka. Alipotimiza hamsini na sita, alimwambia mkewe kwamba anataka wakazamie baharini. Mwenyewe alikuwa ameshajifunza, kila Jumamosi kwenye bwawa la kuogelea, huku nyumbani akiaga kwamba anakwenda kupima presha.

"Bahari ipi?" aliuliza Asmahan.

"Ya Bonaire, kisiwa cha huko Karibi. Kule huhitaji boti. Unaegesha gari kando ya barabara, unavaa mtungi wako wa hewa, unaingia majini kwa miguu yako. Samaki hao mbele yako."

"Haidari, wewe umezaliwa Unguja. Bahari ilikuzunguka pande zote ukaikimbia. Leo unapanda ndege kwenda kutafuta nyengine?"

"Unguja nina mashangazi wanane. Nitazamia saa ngapi?"

Asmahan alicheka, lakini wiki ile ile akajiandikisha naye. Alifanya kazi jikoni kwenye hospitali moja ya Edgbaston, na hakuwa mtu wa maneno mengi. Mwalimu wa bwawani alimwambia hajapata kuona mtu anayetumia hewa kidogo kama yeye.

Kosa lao lilikuwa kuuliza kwenye grupu la WhatsApp la jumuiya yao ya Afrika Mashariki pale mjini kama kuna mtu anaijua Bonaire. Hakuna aliyeijua. Hata hivyo, hadi jioni kamati ya safari ilikuwa imeshaundwa, watu kumi na wawili, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa akisafiri. Mwenyekiti alikuwa Bi Jokha, mkunga mstaafu, ambaye sauti yake iliwatoa watoto wengi tumboni kabla ya siku zao. Katibu alikuwa Rukiya, Msomali aliyekulia Eastleigh, Nairobi. Mzee Ahmada aliingizwa kwa sababu angepinga zaidi akiachwa nje.

"Hatuwezi kuwaruhusu hivi hivi," alisema Bi Jokha. "Kwanza mazoezi."

Jumapili, baada ya sala ya adhuhuri, kamati nzima ilipanda hadi ghorofa ya tano kule Newtown, nyumbani kwa Haidari. Shuka za buluu zilitandikwa kuanzia mlangoni hadi chini ya meza ya kulia. Ukumbi wa nje ukawa barabara, sebule ikawa bahari, na chini ya meza pakawa kina cha mita kumi na tano. Mtungi haukuwepo, kwa hiyo Haidari alifungwa mgongoni gunia la mchele la kilo kumi, na Asmahan la kilo tano. Mzee Ahmada alipewa kazi ya kuwa mkondo wa maji, akawa anawasukuma kwa mto wa kochi.

"Polepole, mzee," alisema Asmahan.

"Mkondo hausikii," alijibu Ahmada, akamsukuma tena.

Waliingia kinyumenyume na mapezi yao ya mpira miguuni, kama walivyofundishwa. Rukiya alishika kadi zenye namba za hewa iliyobaki: mia mbili, mia na hamsini, mia. Ilipofika mia, Asmahan alimwonyesha mumewe kwa mkono kwamba wageuze. Haidari hakumwona. Alikuwa amelala kifudifudi chini ya meza, akitazama picha ya kasa ambayo Rukiya aliibandika kwenye mguu wa kiti. Ikaja hamsini. Ikaja sifuri.

Bi Jokha alitazama saa yake. "Amekufa."

"Nani?" aliuliza Haidari kutoka chini ya meza.

"Maiti hasemi. Rukiya, andika."

Rukiya aliandika, na kwa kuwa alikuwa katibu mwaminifu, aliituma kumbukumbu palepale kwenye grupu lenye watu mia mbili na arobaini: *Saa tisa na dakika kumi na mbili Bw. Haidari Sleiman amezama na kufariki. Bi Asmahan amenusurika. Mwenyekiti amefunga kwa dua.*

Kumbukumbu za Rukiya kwa kawaida zilikuwa ndefu na hazisomwi. Hii ilikuwa fupi.

Nusu saa haijapita, mlango ukagongwa. Alikuwa Dubow, mwenye bucha Alum Rock, na nusu mbuzi begani. Haidari alimfungulia akiwa bado na mapezi miguuni. Dubow alimkumbatia kwa mkono mmoja, machozi yanamtoka.

"Pole sana, ndugu yangu. Haidari alikuwa mtu wa watu." Kisha akarudi nyuma hatua moja, akamtazama. "Sasa ni nani amekufa?"

"Mimi," alisema Haidari. "Lakini kwa mazoezi tu."

"Kwa mazoezi?" Dubow alimtazama mbuzi wake. "Na huyu?"

Watu wengine walikuwa wameshaanza kutoka kwenye lifti. Haidari alimsihi Bi Jokha atume sahihisho.

"Kumbukumbu haisahihishwi mlangoni, mwanangu," alisema Bi Jokha. "Inasahihishwa kwenye kikao."

Basi wanaume wakakaa sebuleni na wanawake chumbani. Magunia yakafunguliwa, mbuzi akatiwa sufuriani. Haidari alikaa kati ya waombolezaji wake, hana pa kwenda. Mmoja alisema marehemu alikuwa mkali wa nauli. Mama mmoja akadakia kutoka chumbani kwamba hapana, siku ya theluji marehemu alimwona anakimbia, akamsubiri kituoni dakika nzima na abiria wanalalamika. Haidari aliikumbuka siku ile. Alifungua kinywa amshukuru, watu wakamnyamazisha.

Asmahan alivumilia mpaka mtu alipomuuliza ataanza eda lini.

"Bi Jokha," alisema, na watu wakashangaa kusikia sauti yake, "itisha kikao. Sasa hivi."

Kikao kilikaa jikoni, kati ya masufuria. Haidari alifufuliwa kwa kura kumi na moja dhidi ya moja. Mzee Ahmada alipinga kwa maelezo kwamba hakukuwa na ushahidi mpya.

Wakati wageni wanakula, mume na mke walijificha chini ya meza ya kulia, mahali pekee palipokuwa wazi.

"Kwa nini hukunitazama?" aliuliza Asmahan. "Nilikupungia mara tatu."

Haidari alifikiri. "Miaka ishirini na miwili kengele ya abiria inanilia sikioni. Nilipolala hapa hakuna aliyeniita. Nikasahau kila kitu."

"Hata mimi?"

"Wewe nilijua upo."

Asmahan aliishika ncha ya pezi la mumewe, akaipindapinda kwa vidole.

Mlango uligongwa mara ya mwisho. Alikuwa Ranvir, msimamizi wa depo ya mabasi, katika suti nyeusi na shada la maua. Haidari alitambaa kutoka chini ya meza kumpokea. Ranvir aliketi kwenye mkono wa kochi, mkono kifuani.

"Nimefurahi," alisema. "Kweli nimefurahi. Ila zamu zako nimeshazigawa, wiki tatu zote. Vijana wameshazigombania. Nitajaribu kuzirudisha."

Kichwa cha Asmahan kilichomoza kando ya kitambaa cha meza.

"Usizirudishe," alisema.

Kabla ya magharibi walikuwa wameshakata tikiti, na kamati haikuulizwa.

Asubuhi yao ya kwanza Bonaire waliegesha pikapu kando ya barabara. Asmahan alitangulia majini, Haidari akamfuata. Walikaa chini dakika arobaini na nane. Walipotoka, Haidari aliketi kwenye mawe, maji yanamchuruzika, na hakusema neno hadi wakati wa chakula cha mchana. Asmahan alimenya chungwa, akampa nusu, akamwacha na kimya chake.