Maji Makavu Chini ya Bwawa

Maji yalianza kuingia nyumbani kwa fundi cherehani Jumamosi alasiri, wakati mteja mmoja amesimama juu ya kigoda akipimwa gauni. Yalipita chini ya mlango bila kubisha hodi, yakaizunguka miguu ya cherehani, yakapanda. Vibiringo vya uzi vilielea, vikafuatana kuelekea jikoni kama vifaranga. Yalipofika magotini fundi alitoa pini mdomoni akauliza, "Hapa kiunoni nibane au nikuachie?"

"Niachie kidogo," mteja akasema. "Harusini kuna kula." Kisha akatazama chini. "Maji yako haya?"

"Ya mdogo wangu. Simama wima."

Maji hayo hayakulowesha kitu. Ubaridi yalikuwa nao, harufu ya tope yalikuwa nayo, na ukitumbukiza mkono ulihisi yanavyousukuma, lakini ukiutoa ulikuwa mkavu kama biskuti. Jua lilipoanza kushuka yaliondoka kwa njia ile ile yaliyojia, na fundi akachukua chaki yake ya nguo, akachora mstari ukutani pale yalipokuwa yamefikia. Hakuwa na mpango wowote. Fundi akiona kipimo, mkono unawasha mpaka akiwekee alama.

Mdogo wake ndiye aliyekuwa mwenye bwawa. Lilikuwa juu kidogo ya nyumba, kiasi cha kupanda kilima na kufika ukihema, likizuiwa na ukuta wa udongo ambao baba yao aliujenga ili ng'ombe wanywe. Ng'ombe waliisha, baba naye akaenda zake, na mdogo mtu akabaki na maji mengi na mawazo mengi zaidi. Akanunua mashua za kukanyaga kwa miguu, zenye umbo la bata. Akapanga viti na miavuli juu ya ukuta. Akajinunulia kofia nyeupe yenye nanga mbele, na tangu siku hiyo akaitwa Kapteni, ingawa safari yake ndefu kuliko zote majini ilikuwa kutoka ukingo huu hadi ukingo ule, tena alirudishwa kwa kuvutwa kamba.

Langoni kulikuwa na ubao mkubwa wa usalama. Usipige mbizi. Usiogelee umelewa. Mtoto asiachwe peke yake. Kila apandaye mashua avae jaketi la kuokolea. Mwokoaji alikuwepo pia, shemeji yake Kapteni, kaka wa mkewe, mwenye filimbi, miwani ya jua na kifua cha kupigia picha. Kuogelea hakujua, lakini hakuna aliyewahi kumwuliza, na yeye si mtu wa kujitangaza.

Ubao haukusema lolote kuhusu wavu.

Mwisho wa ukuta kulikuwa na mfereji mpana ambao baba yao aliuita pumulio. Mvua ikizidi, maji ya ziada yalitokea hapo yakashuka bondeni taratibu, mbali na nyumba, na bwawa likapumua. Kapteni alipopandikiza samaki kwa ajili ya wageni wanaopenda kuvua, mvua ya kwanza iliwachukua wengi wao kwa njia hiyo. Yeye aliliona jambo lile kama utoro wa shule. Akaliziba pumulio kwa wavu wa matundu madogo, toka chini hadi juu. Wavu ukakamata samaki, kisha majani, kisha mifuko ya plastiki, kisha tope, mpaka ukawa mlango uliofungwa. Bwawa likajaa, likapendeza machoni. Wageni waliokaa juu ya ukuta waliweza kunawa mikono bila kuinuka kwenye viti.

Fundi alipanda kumwona.

"Kapteni, maji yako yanakuja kwangu."

"Dada, maji yangu si haya hapa? Yametulia kama uji uliopoa."

"Yanakuja kabla ya siku yake. Toa wavu."

"Yamekulowesha?"

"Bado."

"Basi hayajafika. Mgeni hajafika wewe ushatandika kitanda?" Akacheka, na shemeji akacheka, kwa kuwa alikuwa anakula kwake. "Nikitoa wavu, samaki watatoka. Samaki wakitoka, wageni watatoka. Dawa za mama nitanunua na nini, na hii kofia?"

Hapo alimshika pabaya. Mama yao aliishi kwa fundi, chumba cha nyuma, na magoti yake yalikuwa yamegoma kazi siku nyingi. Tatizo ni kwamba mama aliyapenda yale maji. Kila alasiri yalikinyanyua kitanda chake polepole, kama mtu anayebeba sinia la vikombe, na magoti yakaacha kuuma. Alielea hadi dirishani akawa anatazama wapita njia na kuwasema.

"Mama, tuhamie kwa mama mdogo," fundi alimwambia. "Kule kwenye mwinuko."

"Kule kuna nini? Upepo na maneno yake. Wewe umenipa chumba, sikatai. Lakini mwanangu ameniletea maji mpaka kitandani."

Mistari ya chaki iliendelea kupanda. Kapteni alipopanga mifuko ya mchanga juu ya ukuta ili bwawa libebe zaidi, na mashua zisikwaruze chini, mstari uliruka dirisha. Wateja walizoea. Waliokuja alasiri walipimwa wakiwa ndani ya maji mpaka utosini, nywele zimewasimama, wakipumua na kusengenya kama kawaida, maana maji ambayo hayajafika hayawezi kumzamisha mtu. Watoto wa jirani walipogundua kwamba kwa fundi unaogelea bila kurudi nyumbani na nguo mbichi za kuchapiwa, waliacha kabisa kwenda bwawani. Kapteni alilalamika kwamba dada yake anamharibia biashara. Kisha, kwa sababu ni mtu wa usalama, akamtuma shemeji akakae sebuleni na filimbi.

"Wewe! Hakuna kuruka kutoka kabatini!" shemeji alipiga kelele, naye amesimama juu ya meza.

"Na wewe teremka kwenye meza ya watu," mama alimwambia kutoka karibu na dari. "Hayakuloweshi. Unaogopa nini?"

"Siogopi, mama. Nasimamia."

Kofia ilikuja siku ya wingu zito. Fundi aliiona ikizunguka juu ya cherehani, imejaa tope, nanga imevunjika upande mmoja. Aliikamata, na maji yalipoondoka, yenyewe ilibaki mkononi mwake. Kabla ya hapo hakuna kitu kilichokuwa kimebaki. Akapanda nayo bwawani. Kapteni alikuwa ameivaa ile ile, safi, nanga yake nzima.

"Hii ni yako," fundi akasema. "Imekuja na maji. Kichwa hakikuwemo."

Kapteni aliigeuza, akakuta ndani uzi mwekundu ambao dada yake alimshonea isije ikaibwa. Akavua ile safi, akaijaribu hii. Ilimkaa.

"Basi nina ya akiba," akasema. "Nifulie, dada. Tope hilo litoke kabla halijakauka."

Alfajiri ya kesho yake fundi alikwenda kwenye pumulio na mkasi wake wa kukatia makoti, akaukata wavu katikati. Bwawa lilishusha pumzi ndefu. Maji yalipita, majani yakapita, samaki nao wakapita wakimtazama. Alasiri ile hakuna kilichoingia nyumbani. Fundi alikaa sakafuni, akaipapasa sakafu yake kama mtu aliyerudi kutoka hospitali. Chumba cha nyuma mama aliugulia magoti yake mpaka majirani wakaja kuuliza kulikoni.

Kapteni alifika jua likiwa bado lipo, wavu begani. Hakuwa na hasira. Alikuwa na adabu, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Shikamoo, dada. Wavu umechanika."

"Marahaba. Nimeusikia."

"Jumapili wanakuja watoto wa shule, basi zima. Na mimi fundi ninayemwamini ni mmoja."

"Sishoni."

"Mshonee mdogo wako!" sauti ya mama ilitoka chumbani. "Magoti yananiua huku!"

"Mama, siku hayo maji yakifika kweli..."

"Siku yakifika kuna mwokoaji. Si ana filimbi?"

Fundi aliutazama wavu, akamtazama mdogo wake, akautazama mlango wa chumba cha nyuma. Akatoa uzi mnene wa kushonea mahema. Nia yake ilikuwa kushona ovyo, mshono wa mbali mbali, ambao maji yakiusukuma kidogo tu uachie. Alishona hivyo mwanzo hadi mwisho, akautazama, akasikia aibu. Hakuwahi kumtolea mteja kazi ya namna ile. Akafumua. Mara ya pili mkono wake ulikwenda wenyewe, mshono wa karibu, ukarudiwa juu yake, ukafungwa mafundo. Alipomaliza, pale palipochanika ndipo palipokuwa imara kuliko wavu wote. Kapteni aliuvuta kwa nguvu huku na huku.

"Huu hata lori halitoki," akasema, na akamaanisha sifa.

Jumapili mvua ilianza asubuhi, nyepesi, kule mwinukoni. Basi la shule lilipita likiimba. Baadaye filimbi ya shemeji ilisikika juu, na muziki, na watoto wakigombea mashua. Nyumbani maji yaliingia mapema, sufuria ya chai haijachemka. Kitanda kilipanda, na mama akatoa pumzi ya raha, akageuza uso dirishani.

Fundi alipanda juu ya kabati na chaki yake. Ukutani hapakuwa na nafasi tena, akaamua kuchora kwenye dari. Chaki haikuandika. Alijaribu tena, kisha akaitazama: ilikuwa inayeyuka vidoleni.

"Mama," akasema, "tutoke."

"Hebu niache. Leo ndiyo yamekuwa matamu."

Fundi alijifuta vidole kwenye gauni, gauni likashika alama nyeupe, mbichi. Akatafuta mfukoni chaki nyingine. Kule juu wavu ulishika barabara, mshono kwa mshono.