Mkazi wa Duara Namba Tisa

Kila Ijumaa asubuhi Paskazia, mkutubi wa maktaba ya Runzewe, hukata boksi la sabuni vipande vipande, huandika kwenye kila kimoja kwa nini anakipenda kitabu fulani, kisha hukichomeka humo kitabuni. "Soma hiki, mke ana akili kumpita mwenyekiti wa kijiji." "Hiki usikifungue ukiwa na njaa." Mwenzake Eustace hupendekeza filamu, na sababu yake ni ile ile kwa zote: "Nililia." Alilia hata kwenye filamu ya kilimo cha pamba.

Ijumaa moja, saa tisa alasiri, akaingia Jilala, mchimbaji wa dhahabu aliyefukiwa kwenye shimo la machimbo, duara namba tisa, tangu masika ya mwaka jana. Alipangusa miguu mlangoni, jambo ambalo walio hai huwa hawalikumbuki, akaweka tochi yake ya kichwani mezani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unataka nini?"

"Kitabu. Kule chini tuko saba, na hadithi za mwenzetu Boaz tumeshazimaliza."

Paskazia akamchagulia kisa cha mwanamke aliyevusha ng'ombe mmoja mto uliofurika. "Hiki nimekirudia mara tatu," alisema, akampa fomu, maana taratibu ni taratibu. Penye makazi, Jilala akaandika: Duara namba tisa, mita arobaini kwenda chini. Penye mdhamini, kalamu ikasimama.

"Awe mtu mwenye makazi ya kudumu," Paskazia alimkumbusha.

"Mama, kwa makazi ya kudumu, nani hapa Runzewe ananishinda?"

"Mdhamini, baba. Si wewe."

Basi Jumamosi akaja mkewe, Vumilia. Mwaka mzima alikuwa akiomba shimo lifukuliwe amzike mumewe kama watu wanavyozikwa, na mwaka mzima mwenye duara aliapa kwamba siku lilipoporomoka halikuwa na mtu. Jilala, alisema, yuko Isaka na mwanamke wa kukaanga samaki. Vumilia akaweka dole gumba kwenye fomu. Kusoma hakujua, ila muhuri aliujua.

"Hapa pameandikwa anaishi wapi?"

"Duara namba tisa."

"Na muhuri ni wa serikali?"

"Wa serikali."

"Nitolee nakala."

Jumatatu Vumilia na Paskazia wakaipeleka kwa ofisa wa mashimo. Aliisoma yote, akausifu mwandiko, akasema fomu ya maktaba huthibitisha kwamba mtu anasoma, haithibitishi kwamba amefukiwa. Jilala mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni. Ofisa akamwomba asogee, anaziba mwanga.

Jioni hiyo, maktabani, Vumilia alimnong'oneza mumewe. "Kitabu umemaliza?"

"Mara mbili. Ng'ombe anafika ng'ambo."

"Basi usikirudishe."

Paskazia alikuwa akitafuta miwani aliyoivaa.

Taratibu zinasema msomaji akichelewa hubandikiwa kumbusho makaoni kwake, lenye muhuri. Siku ya kumi na tano Paskazia alipanda bodaboda hadi kwenye duara, ambako mwenye duara alikuwa ameweka kibao, HAKUNA MTU, akagongelea karatasi yake papo hapo: "Jilala, mkazi wa hapa, unakumbushwa kurudisha kitabu."

"Nani kakuruhusu?" aliuliza mwenye duara.

"Wewe una kitabu chetu?"

"Sina."

"Basi halikuhusu."

Kuuchana muhuri aliogopa.

Wale sita wengine nao walijiunga, na wote, bahati mbaya, ni wazito wa kurudisha vitabu. Siku hizi umeme ukikatika katikati ya filamu za Eustace, huwasha tochi zao ili watu wamalizie kulia kwa mwanga.

Duara halijafukuliwa hadi leo. Ila kibao hakionekani tena kwa wingi wa karatasi, na Vumilia, ambaye Paskazia alimfundisha herufi kwa vipande vya boksi la sabuni, huenda kila Jumamosi kuzisoma kwa sauti, jina kwa jina, mkazi wa hapa, mkazi wa hapa. Kutoka chini kila mmoja huitika, "Nipo," isipokuwa Boaz, ambaye akifika mahali patamu kitabuni hapendi kusumbuliwa.