Saa ya Humu Ndani

Saa ya ukutani katika chumba cha kituo niliitundika mimi, na kanuni iliyobandikwa mlangoni niliiandika mimi kwa mwandiko wangu: "Mtoto achukuliwe kabla ya saa kumi na mbili jioni. Saa ya ukutani ndiyo itakayotumika. Atakayechelewa mara tatu kwa muhula, mtoto wake atapoteza nafasi." Kabla ya hapo wazazi walikuwa wakibishana na Anti kila jioni, kila mmoja amenyoosha simu yake kama kitambulisho.

Anti ndiye kiongozi wa kituo, msichana wa umri wa mwanangu wa mwisho. Kituo chenyewe ni chumba kimoja mwisho wa baraza ya shule ya msingi. Asubuhi kinapokea watoto ambao wazazi wao wanawahi kazini. Wanaingia macho yamevimba usingizi, mkate mkononi. Jioni kinawapokea tena mpaka wachukuliwe, na hapo ndipo pana klabu: mpira, kuimba, kushona, na klabu yangu ya saa. Nilikuwa fundi saa miaka arobaini na minne, na nilipostaafu sikutaka kukaa nyumbani kuhesabu kuku wa jirani. Watoto wananiita Babu Saa.

Klabu yangu ilikuwa na watoto sita. Aliyewapita wote alikuwa msichana wa miaka tisa tuliyemwita Bisibisi, kwa kuwa bisibisi haikumtoka mkononi hata akienda kunywa maji. Alichagua saa ya mezani ya kengele kutoka kwenye boksi la saa mbovu, akakaa nayo muhula mzima. Aliosha magurudumu kwa mafuta ya taa, akayapanga upya, akakosea, akayapanga tena. Siku ilipoanza kutembea hakupiga kelele. Aliiweka sikioni akafumba macho. Toka siku hiyo akawa anaibeba kwenda na kurudi nyumbani, na kila asubuhi anailinganisha na mlio wa redio, kama nilivyomfundisha.

Muhula wa pili mama yake alibadilishiwa zamu, na babu yake mzaa mama akawa ndiye anayekuja kumchukua. Siku ya kwanza nilikuwa nimeinamia meza, sikumwona akiingia. Nilisikia tu sauti ikimwambia mtoto afungashe vitu vyake.

"Haya, kalamu chini."

Nilikuwa sijaisikia sauti ile kwa miaka arobaini na moja, lakini mwili uliijua kabla ya kichwa. Kibano kilinidondoka.

Ujanani nilisoma shule ya jioni miaka mitano. Nikifunga kibanda changu nilikwenda moja kwa moja darasani, vidole vikinuka mafuta ya saa. Chuo cha ufundi kilikuwa kikipokea watu wasiozidi miaka thelathini, wenye cheti, nami nilikuwa na thelathini kamili. Asubuhi ya mtihani wa cheti hicho nilifika mlangoni ikiwa bado dakika mbili, kwa saa yangu ya mkononi niliyoilinganisha na redio asubuhi hiyohiyo. Saa ya ukumbini ilionyesha kwamba dakika mbili zimeshapita. Msimamizi wa mtihani, kijana wa suti ya kijivu, alikuwa ameshika kitasa.

"Mkuu, saa yenu inakimbia kwa dakika nne," nilimwambia.

"Wewe nani?"

"Fundi saa."

Akawageukia waliokwisha kuketi. "Jamani, fundi saa kachelewa."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Kisha akaniambia taratibu, kama anayemfundisha mtoto kuhesabu, "Saa ya humu ndani ndiyo saa." Akafunga mlango.

Mwaka uliofuata nilifanya mtihani nikafaulu, na cheti changu kiko sebuleni katika fremu. Lakini nilikuwa na miaka thelathini na moja, na chuo hakikunitaka. Tena mmoja wa waliocheka ukumbini alikuwa rafiki wa shemeji yangu. Mtaani nikawa Dakika Mbili. "Dakika Mbili, umeamka?" "Dakika Mbili, leo chakula hatukungoji." Siku nilipomzika mke wangu, watu walinipa mkono wakisema, pole sana, Dakika Mbili.

Sasa msimamizi yule alikuwa amesimama mbele yangu, suti imekuwa sweta, goti bovu, fimbo mkononi. Hakunikumbuka hata kidogo. Aliniita mzee mwenzangu.

Wiki ileile alichelewa dakika tano. Nilimpa daftari, akatia saini kwenye safu ya waliochelewa. Wiki ya pili akachelewa dakika tatu.

"Goti hili, mzee mwenzangu," alisema.

"Goti halina safu yake. Tia saini hapa."

Anti alisubiri aondoke, akanivuta pembeni. "Babu, mzee wa watu amekukosea nini?"

"Kanuni ni kanuni, binti yangu."

Ilibaki mara moja tu. Nikaisubiri. Lakini yeye akajirekebisha: akawa anafika kasoro dakika tano, kasoro tatu, kasoro mbili, jasho linamtoka, fimbo inagonga baraza. Jioni moja alitazama saa ya ukutani, akacheka mpaka meno ya bandia yakaonekana.

"Leo umenikosa tena, mzee mwenzangu."

Kicheko kile nilikwenda nacho nyumbani, nikala nacho, nikalala nacho.

Ilikuwa imebaki wiki moja kabla ya maonyesho ya klabu. Bisibisi alitakiwa kuifungua saa yake mbele ya shule nzima na kuifunga tena huku akieleza kila kipande. Alikuwa akifanya mazoezi kwa kunong'ona, mdomo unamchezacheza. Mtoto akipoteza nafasi hana klabu, na asiye na klabu hana maonyesho. Nililijua hilo. Nililipima kama ninavyopima springi, na bado nikaendelea.

Jumatatu niliisogeza saa ya ukutani dakika moja mbele. Jumanne dakika moja, Jumatano moja, Alhamisi moja. Dakika moja kwa siku haionekani na mtu asiye fundi. Ijumaa Anti alikuwa uwanjani na watoto wa mpira. Wengine wote walikuwa wameshachukuliwa. Chumbani tulikuwa wawili, mimi na Bisibisi, naye yuko mezani na saa yake.

Mshale ulipofika kumi na mbili nilifunga mlango. Baada ya muda nikasikia fimbo kwenye baraza, haraka, haraka. Uso wake ukatokea kwenye kioo cha mlango. Alishika kitasa, kikagoma. Nikamwacha asimame hapo. Nisiseme uongo: ilikuwa tamu. Nilihesabu pumzi zake kwenye kioo, zikija na kufutika, kisha nikafungua nafasi ya kutosha kupitisha daftari.

"Umechelewa dakika mbili," nilisema.

"Hapana. Nimeangalia simu getini. Saa yenu inakimbia, ndugu yangu."

Miaka arobaini na moja nilikuwa nikiyatunza maneno yale. Nikamwambia taratibu, "Saa ya humu ndani ndiyo saa."

Nilimtazama machoni ili nione yakimwingia. Hayakumwingia popote. Alitazama daftari, akamtazama mjukuu wake.

Hapo Bisibisi akasema, "Babu Saa, ya kwangu inasema bado dakika mbili."

Nilikuwa nimesahau saa moja tu. Ilikuwa pale mezani, inatembea vizuri, imelinganishwa na redio asubuhi ile, sahihi kuliko kitu chochote ndani ya chumba kile, mimi nikiwemo. Mtoto hakuwa akibishana. Alikuwa ananipa taarifa, fundi kwa fundi.

Wazee wawili tukaitazama saa ile. Ningeweza kucheka, nikasema ya ukutani ina kasoro, mambo yakaisha.

"Yako inachelewa," nikamwambia.

Alishtuka kidogo, kama mtu aliyegutushwa usingizini. Kisha akaigeuza saa yake, akazungusha kifundo mpaka mishale ikalingana na ya ukutani. Akafungua mfuniko wa nyuma, akachukua bisibisi, akausukuma ule wenzo mdogo wa kurekebisha mwendo upande wa kujumlisha, ili isichelewe tena. Mikono yake ilikuwa imara. Nilimfundisha vizuri.

Babu yake akatia saini. Mara ya tatu.

Jumamosi nilikwenda kituoni nikairudisha saa ya ukutani mahali pake. Jumatatu asubuhi, watoto wakiwa bado wanakula mikate yao, nilimwambia Anti tuifute ile saini ya Ijumaa.

"Daftari halifutwi, Babu. Si wewe uliyesema wino tu, penseli marufuku?" Akafungua ukurasa mwingine. "Halafu nafasi yenyewe nimeshampa mtoto aliyekuwa akingoja. Nimempigia mama wa huyo mpya alfajiri."

Jioni yule mzee alikuja peke yake, kasoro dakika kumi, na mfuko wa plastiki. Akatoa ile saa ya kengele, akaiweka mezani kwangu.

"Mjukuu wangu ameniagiza nikurudishie. Aliilinganisha na redio Jumamosi, akakuta iko mbele dakika nne, na kila siku inaongeza. Anasema ilikuwa sahihi mwanzoni. Anasema wewe ni fundi, huwezi kukosea kitu kama hicho. Anataka kujua kwa nini ulimwambia inachelewa."

Mlangoni walikuwapo wazazi wawili wakivalisha watoto viatu. Sikujali. Nilimwambia yote: ukumbi, suti ya kijivu, kitasa, fundi saa kachelewa, chuo, jina la mtaani, mkono wa pole makaburini. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono miwili juu ya fimbo.

"Nilisimamia mitihani miaka ishirini na miwili," alisema. "Niliwafungia wengi mlango. Nisikudanganye, wewe sikukumbuki."

Hakulisema kwa dharau. Heri angelisema kwa dharau, ningejua la kumjibu.

"Nimwambie hayo mtoto?" aliuliza.

"Mwambie aje, nimweleze mwenyewe."

"Nilimwambia twende wote. Amekataa." Aligeuka kwenda, goti likamchelewesha mlangoni. "Amesema siku yake ya kuja bado."

Saa ile iko kwenye rafu juu ya meza yangu. Kila asubuhi kabla watoto hawajafika naitia ufunguo. Inakimbia, na najua pa kugusa, lakini wenzo ule ameuweka yeye, na sijaugusa. Wakati mwingine nikisikia hatua za mtoto kwenye baraza nanyanyua kichwa.

Mimi nilisubiri miaka arobaini na moja. Yeye ana tisa.