Gari la Kijani la Fredy

Salvina hakulia kaka yake Fredy alipozikwa kijijini Kilema, na watu waliona. Msibani huko kwetu watu huona kila kitu, hata nani karudia sahani ya kitawa cha ndizi mara mbili. Siku ya tatu alirudi saluni kwake Kiboriloni, akafagia, akapaka wateja kucha. Ganzi tupu. Alitafuta uchungu ndani yake, hakuupata.

Juu ya kabati kulikuwa na boksi, mwaka mzima halijaguswa. Mama yao alipofariki, Fredy alikuwa mlimani anaongoza wageni, akashuka watu wameshazika. Salvina akamwambia asikanyage kwake tena. Baadaye Eliona, mke wa Fredy, akaleta boksi hilo: kigari cha mbio cha plastiki, cha kuunganisha mwenyewe. "Kaka yako kasema ufungue, wifi."

Afungue nini! Mtu kakosa maziko ya mama yake mzazi, halafu anatuma vitu vya kuchezea! Akalirusha juu ya kabati.

Sasa kesho ilikuwa arobaini, na Eliona aliomba kigari kikawekwe kaburini. Mchana huo mvua ilifukuza wateja. Salvina akakata utepe.

Kilikuwa mfano wa kile kile walichonunuliwa na baba utotoni, chenye pua ndefu, wakakigombania mpaka kikavunjika. Kile kilikuwa chekundu. Salvina alitaka wakipake kijani, Fredy akagoma katakata. Hiki kilikuwa cheupe pee.

Akakata vipande kwa mkasi wa kucha, akalainisha ncha kwa tupa ya kucha. Akagundisha injini na viti. Bodi akaipaka rangi ya kucha ya kijani, mara tatu, na mistari ya dhahabu ubavuni. Kwenye taa akabandika vile vito vya kucha za maharusi. Fredy angemcheka hadi akae chini. Kazi ilitoka safi, na bado hakusikia kitu.

Yakabaki magurudumu. Akainua trei ya chini ya boksi. Hapo palikuwa na jani la isale, kavu, limepigwa fundo.

Mchagga akikuletea isale, anakuomba msamaha, na hata kama alikuchomea nyumba, unapokea. Fredy alijua dada yake angelitupa mbele ya Eliona. Akalificha mahali atakapolikuta akiwa ametulia.

Akapiga simu. "Wifi, Fredy aliwahi kuliulizia hili boksi?"

"Mbona kila Jumapili! 'Amefungua?' Namwambia bado. Kule hospitali nikamwonea huruma, wifi, nikamdanganya. Nikasema umefungua."

"Akasemaje?"

"Akauliza umejibu nini. Nikasema hujajibu kitu. Akageukia ukutani, akalala." Eliona akapumua. "Angalau alikufa akiamini umelifungua."

Salvina alilitazama jani. Kumbe Fredy alikufa akidhani ameliona na kulikataa. Eliona hakujua kilichokuwamo ndani, na hakuwa na haja ya kujua.

"Ulifanya vizuri, wifi," akasema, akakata simu.

Akalikunja isale, akaliweka kwenye kiti cha dereva, akafunika bodi ya kijani na kuizungushia gundi pande zote. Maelekezo yalisema ushikilie dakika tano. Akashikilia. Ya pili haijaisha, akaanza kulia kwa sauti, mpaka muuza mitumba wa jirani akaja mbio kuuliza nani kafa.

"Kaka yangu," Salvina akasema.