Kwaresima Haina Mabibo

Kila Kwaresima Klementi aliacha pombe, na kila Kwaresima tulimpigia makofi. Alisimama mbele ya jumuiya yetu, huku milimani Kipatimu, majivu yakiwa bado kwenye paji la uso, akatangaza kwamba yeye na uraka basi. Akina mama wakapiga vigelegele. Mkewe, Marietha, akautazama mkeka.

Alikuwa na sababu ya kuutazama. Uraka ni pombe ya mabibo, na mabibo kwetu huanza kuiva Septemba yakaenda hadi karibu na Krismasi. Kwaresima ikifika, mikorosho ina majani tu. Klementi alikuwa anaacha kitu ambacho hakipo. Hata paka hufunga siku ambayo nyumba haina kitoweo.

Wala hakuwa mnafiki, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Alilia kweli, akaungama kweli. Kisha aliusuuza mtungi wake wa kuchachushia, akauanika juani, akaupeleka ghalani na kuufudikiza juu ya matofali ili usishikwe na unyevu. Septemba ilipofika ulikuwa mzima kabisa. Na mambo yalianza vilevile kila mwaka: akishaokota na kunyonyoa korosho, aliyatazama mabibo yaliyobaki chini, akasema ni dhambi kuiacha riziki ya Mungu ioze. Basi akakamua. Majilio ikikaribia, anayeokotwa ni yeye, tena njiani.

Rosemary, binti yao wa pekee, alikulia humo. Alijifunza kumwamkia baba yake kwa pua. Akipiga goti, alisogeza uso karibu, akanusa kwanza, ndipo aseme shikamoo au ainuke kimyakimya aende zake jikoni.

Mwaka jana alipata mchumba, na harusi ikapangwa Novemba, kabla Majilio haijaanza. Mwezi wa saba alikuja nyumbani kumweleza baba yake kwamba atakayemwingiza kanisani ni baba mdogo, Valentini. Klementi akamuuliza kama yeye ameshakufa.

“Hujafa, baba,” Rosemary alisema. “Wewe Kwaresima ni baba mzuri sana. Kanisa lingekuwa linafungisha ndoa Kwaresima, ningeushika mkono wako.”

Alisema kwa upole, macho chini. Afadhali angetukana.

Klementi alipanda moja kwa moja parokiani, akamtaka padre amwamuru binti yake abadili neno. Padre alimsikiliza hadi mwisho, halafu akamuuliza ule mtungi uko wapi. Klementi akajibu kwamba upo ghalani, umepumzika.

“Kila mwaka unamwomba Mungu akushike mkono,” padre alisema, “na mkono wenyewe umekumbatia mtungi. Siku moja mpe mkono mtupu.”

Njia nzima ya kurudi alikuwa na hasira, kwanza na binti, halafu na padre, na alipofika kwenye mteremko wa kwake alikuwa amebaki na hasira ya nafsi yake tu. Asubuhi aliutoa mtungi uani akaupiga kwa mchi. Marietha alitoka mbio, akakuta vigae, akalalamika kwamba kama ni hivyo angempa yeye awekee maji ya kunywa.

“Ningejua ulipo,” Klementi alimjibu.

Akamwomba asimwambie mtu, hata Rosemary. Maneno yake yameshachuja, alisema, hakuna tena wa kuyaamini. Safari hii aone Mungu peke yake. Hakusimama kwenye jumuiya wala hakuahidi lolote. Sisi tuliuona ukimya wake tukakonyezana, tukisema mwenzetu mwaka huu ameanza mapema. Mungu atusamehe, maana tulivyozoea kuanguka kwake hatukuwa tena na jicho la kumwona amesimama.

Mabibo yakaiva. Yaliyotokea shambani tuliyasikia baadaye kutoka kwa Marietha. Alfajiri Klementi alifika chini ya mikorosho mate yamemjaa kinywani, akapiga goti hapohapo kwenye majani makavu. Alisema kwamba yeye hawezi, basi Mungu amwezeshe leo. Ya kesho hakuyagusa. Kisha aliokota korosho zake, mabibo akawaachia mbuzi wa jirani yake Bakary. Siku nyingine alishindwa kukaa, akakimbia akaacha kikapu nusu. Kuna siku upepo ulileta harufu mpaka uani kwake, akaenda kushinda kanisani na jembe lake mkononi, hakumbuki hata alilibeba kwa nini. Lakini hakukamua.

Marietha alimsihi mara kwa mara amweleze binti yake kabla ya harusi. Alikataa. Alisema akimweleza, itakuwa kama anadai malipo.

Siku ya harusi Klementi alikaa benchi la mbele, suti yake ya zamani imempwaya. Valentini aliingia na Rosemary, kifua mbele, anatabasamu huku na huku. Marietha alimtazama mumewe. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekunjwa kwenye kiwiko na kusogezwa pembeni kidogo, kama wa mtu aliyeshikwa na mwenzake, na hakuushusha hadi wale wawili walipofika altareni.

Baada ya misa, watu wakiwa wamekusanyika uani kwa chakula, Rosemary alikuja na shela yake kumwamkia baba. Akapiga goti, akasogeza uso kama alivyozoea. Akanusa. Akanusa tena. Ilikuwa Novemba, kila mkorosho una mabibo chini yake, na baba yake alikuwa ananukia sabuni.

Akamtazama mama yake, na mama yake akaitikia kwa kichwa.

“Baba, kwa nini hukuniambia?”

“Nilikuambia, mwanangu,” Klementi alisema. “Kila Kwaresima nilikuambia.”

Rosemary alibaki amepiga goti, machozi yanadondokea shela. Shikamoo ilichelewa sana kumtoka, na baba yake akaingoja.