Kiti cha Langoni

Kabla jogoo wa jirani hajaanza, Benta alisikia kijiko kikigonga kikombe jikoni, mara tatu, polepole. Mumewe Obiero alikuwa akimkorogea chai. Tangu astaafu, mzee huyo alijitwika kazi hiyo, na hakupenda kushukuriwa. Ukimshukuru anasema alikuwa ameamka tu kutafuta miwani. Benta alibaki kitandani kidogo akisikiliza. Kulikuwa na faili iliyomsubiri ofisini, na hakuwa na haraka ya kuifikia.

Kazi yake ilikuwa kusimamia maafisa sita wa probesheni mjini Kisumu. Korti ikimhukumu mtu lakini ikaamua akae nyumbani kwake badala ya jela, maafisa hao ndio humwangalia. Juu ya Benta kulikuwa na mkurugenzi aliyetaka takwimu kila Ijumaa. Chini yake kulikuwa na maafisa waliotaka likizo, karatasi na mafuta ya gari. Yeye alikuwa hapo katikati, na sahihi ilikuwa yake.

Faili yenyewe ilikuwa ya mama wa miaka sitini na tatu kutoka Pap Onditi, jina lake Achola. Alikamatwa akipika chang'aa, pombe haramu, wakati mumewe alipokuwa mgonjwa, akapewa mwaka mmoja wa probesheni. Alitakiwa kuripoti ofisini kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi. Miezi mitano hakukosa. Kisha Machi na Aprili hapakuwa na jina lake daftarini. Afisa wake, Naswa, alikuwa ameandika ripoti ya kumrudisha kortini. Benta akitia sahihi, hakimu angeweza kumfunga.

"Simu yake haipatikani, Madam," Naswa alisema. "Nina watu sabini na wawili. Huyu amenikimbia."

"Korti inataka ripoti lini?"

"Kesho saa tatu."

Benta aliviona viatu vya Naswa, vilivyojaa tope la vijijini mpaka kwenye kamba. Huyu hakuwa mvivu.

"Umekunywa chai?"

"Bado."

"Kunywa kwanza. Faili haina miguu."

Kisha Benta akamimina kikombe kingine, akashuka nacho langoni kwa Wakhungu, askari wa zamu, kama alivyofanya kila siku saa nne. Leo aliona viti viwili kando ya kibanda.

"Una mgeni, Bwana Wakhungu?"

"Hicho ni cha yule mama wa Pap Onditi. Nilikiomba kwa muuza chai. Siwezi kukaa mimi, mtu wa umri wa mama yangu asimame juani."

"Mama gani?"

"Wa nguo nyeusi. Mwezi uliopita alikuja, na Jumatatu ile juzi pia. Anakaa hapa mpaka saa saba. Namwambia, Mama, ingia, mlango ni ule. Anasema hapa panatosha. Nikajua anamngoja mtu." Wakhungu akapuliza chai. "Ila ana neno lake. Akiondoka lazima aniulize, 'Umeniona?' Nami namjibu, 'Nimekuona, Mama.' Basi anaenda zake ameridhika."

Benta aliketi kwenye kile kiti. Nguo nyeusi. Alimkumbuka mama yake mwenyewe alipofiwa, jinsi alivyokaa miezi mingi bila kukanyaga jikoni kwa dada yake, wakizungumza huku ua ukiwa katikati yao.

"Niandikie hayo yote na tarehe zake," alisema. "Kisha utie sahihi."

Alasiri hiyo yeye na Naswa walienda Pap Onditi. Achola alikuwa uani akipepeta mtama. Alipowaona, aliweka ungo chini.

"Mmekuja kunichukua?"

"Tumekuja kukusalimu," Benta alisema kwa Kijaluo, kisha akampa pole ya msiba.

Mzee alikuwa amefariki mwishoni mwa Februari. Simu ilikuwa yake, na shemeji aliondoka nayo baada ya mazishi. Achola aliyasema hayo huku akifuta vigoda viwili kwa leso, kimoja akakifuta mara mbili.

"Lakini ulifika mpaka langoni," Naswa alisema. "Kwa nini hukuingia, Mama?"

Achola alimtazama kwa mshangao. "Niingie na chola yangu, mwiko huu wa ujane? Wazee wa ukoo hawajaja kunitoa kwenye maombolezo. Mjane wa namna hiyo haingii kwa watu. Na wewe pale mezani una picha ya mtoto, ulinionyesha akiwa na meno mawili. Ningeingia, kisha jambo limpate, ningekuambia nini?"

 Naswa aliinamia viatu vyake.

"Lakini niliripoti," Achola aliendelea. "Yule askari si ni wa serikali? Alikuwa amevaa sare, akaniona. Nilimuuliza."

"Alikuona," Benta alisema. "Ameandika."

Akaitoa ripoti ya Naswa, akaiweka juu ya goti, na mahali pa sahihi akaandika kwamba Achola hakukosa hata siku moja, na kwamba mpaka atolewe chola, afisa atamfuata nyumbani. Mkurugenzi angeuliza kuhusu mafuta. Aulize.

"Mkubwa mzima unaandikia gotini?" Achola alisema. "Serikali haina meza?"

"Ninayo. Ila haipandi gari."

Achola akacheka, akashtuka kwa kicheko chake, kama mtu aliyesahau kuwa anacho. Naswa akamfungulia daftari na kumshikia ukurasa, upepo usiupeperushe, naye akaandika jina lake polepole.

Walipoinuka, Achola hakuviondoa vigoda.

"Tangu turubai la matanga litolewe, hakuna aliyekaa hapo," alisema. Akamshika Naswa mkono. "Jumatatu ya kwanza ni mbali, nyathina, mwanangu. Njoo kabla yake. Mtoto mwache nyumbani kwanza, na daftari pia liache. Wewe tu. Utakuja?"